Mabaka Hayasaini Kitabu cha Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kanipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Mimi! Baba wa watu, mwenye mvi sita zilizohesabiwa! Kasema nitafute daftari, niandike kila siku nimekula nini, nimegusa nini, nimemeza dawa saa ngapi na mabaka yametokea wapi. Baada ya wiki mbili nimpelekee asome. Haya. Nimenunua. Jalada lina picha ya tembo. Binti yangu mdogo alilitaka papo hapo, nikamwambia hili ni la kitaalamu.

Kuhusu mabaka: hii ni wiki ya nane. Yanaanza kama umeumwa na mbu, yanavimba, yanaungana, yanakuwa mapana kama visahani vya chai. Yanawasha hadi kwenye fizi. Baada ya saa chache yanatoweka bila kuacha alama, kisha yanaibuka kwingine. Nikiwa nyumbani, mgongo mzima. Nikifika mbele ya Daktari, ngozi laini kama ya mtoto, naonekana mwongo. Nikitoka tu mlangoni pake, haya hapa, katikati ya mgongo, pale ambapo mkono haufiki kutoka juu wala kutoka chini.

Daktari kasema yakipita wiki sita yanaitwa sugu. Kasema hayaambukizi. Kasema nimeze kidonge kimoja kila asubuhi, yawashe yasiwashe. Hapo sijamwelewa. Nani anaita polisi kabla mwizi hajaja? Mke wangu kauliza kwani mimi kule kazini nalipwa kumsubiri mwizi aliyekwisha kuja na kuondoka. Mengine ni maswali ya kichokozi.

(Daktari: kuanzia hapa ni mambo ya kazini. Unaweza kuruka.)

Mimi ni mlinzi wa geti la mbele, jengo la ghorofa sita. Wapangaji wananiita Komeo. Mkuu wetu wa geti alistaafu miezi miwili iliyopita, akaacha rundo la funguo na kiti cha kuzunguka. Kiti chenyewe kina mgongo wa ngozi na magurudumu matano. Tangu aondoke nakikalia mimi, ili kisivunde. Meneja wa jengo atatangaza mkuu mpya tarehe 14. Tuko wawili tu: mimi, mwenye miaka kumi na moja getini, na Tabasamu, mwenye miaka mitatu na meno mengi. Anamchekea kila mtu. Mlinzi gani anayecheka?

Ukuu ni wangu. Kilichobaki ni kutangazwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo kubwa. Kwa nini Daktari ahangaike kuuliza nimekula nini wakati mimi nina kitabu cha wageni? Hakuna kiumbe kinachopita geti langu bila kuandikwa jina, anakotoka, sababu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Huyu anayeniletea mabaka lazima alisaini!

Nimekaa kwenye kiti, nimefungua kitabu, nimeweka alama ya msalaba kila siku niliyowashwa. Misalaba hamsini na moja. Kisha nimetafuta ni nani alikuwepo siku zote hamsini na moja. Kazi ya saa nne. Wapangaji wawili walijifungulia geti wenyewe na mmoja aliingiza friji, sijui ya nani.

Matokeo: muuza maua, siku tisa. Mleta magazeti, siku thelathini. Jina moja tu lipo siku zote hamsini na moja, bila kukosa: langu, kwenye safu ya mlinzi wa zamu. Hilo halihesabiki.

Kwa hiyo nimefikiria zaidi. Nani anajipaka mafuta ya kunukia kila asubuhi, mpaka nzi wanamfuata? Tabasamu! Ni kweli alikuwa likizo wiki nzima ile ambayo nilivimba kuliko zote. Huo ndio ujanja wake.

Kidonge: sikumeza. Asubuhi sikuwa nawashwa. Mchana nikawashwa, kidonge kiko nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza Meneja, kwa huzuni kubwa, kwamba mafuta ya mwenzangu yanahatarisha maisha yangu na ingekuwa vyema ahamishiwe geti la nyuma, kwenye mapipa ya taka. Nikamwonyesha mkono. Mkono ukawa safi! Mabaka yalikuwa hapo dakika mbili zilizopita. Meneja kautazama mkono, kanitazama mimi, kasema ataongea naye.

Kaongea naye. Tabasamu kaja mbio kuniomba radhi, kasema angejua mapema asingejipaka hata tone. Kaenda bombani, kaosha mikono hadi viwikoni, kabaki mweupe kwa ukavu kama ubao uliofutwa chaki. Wapangaji wamepita wakimuuliza ana nini. Hakusema. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili ndiye aliyesema. Sasa jengo zima linamsifu Tabasamu kwa utu wake. Hata daktari wa meno wa ghorofa ya tatu kampa mkono.

Mabaka: shingo, tumbo, nyayo. Nyayo! Nimejikuna kwa kusugua miguu kwenye gurudumu la kiti.

Alhamisi, 6 Machi

Uchunguzi umehamia nyumbani. Mama mkwe anaishi nasi tangu mwaka jana. Ni mtu mwema, namheshimu, ana redio. Redio inaanza saa kumi na mbili asubuhi na haina kitufe cha kupunguza, kilidondoka zamani.

Leo nimemwambia kwa adabu zote kwamba sayansi imegundua kelele zinachochea mabaka. Mama mkwe hakubisha. Kazima redio, kakaa mbele yangu, kanitazama mikono. Baada ya dakika kumi baka likatokea. Kawasha redio. Likatokea la pili. Kazima. La tatu. Kawasha, kaongeza sauti kwa koleo, kasema, wewe wa getini, kikulacho ki nguoni mwako.

Mke wangu kacheka hadi kashika ukuta. Lakini mimi nimelichukua neno hilo kwa uzito. Wazee hawasemi ovyo. Nguoni! Sare! Nimevaa sare ileile ya kazi siku zote hamsini na tatu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimechemsha sare. Sufuria kubwa, sabuni ya mche nzima, saa mbili juu ya moto. Kama kuna kitu kilikuwa humo kimekufa na ukoo wake.

Sare nayo imekufa. Suruali inaishia katikati ya muundi. Shati likifungwa vifungo, sipumui, na nikipumua, kifungo kinaruka. Kimoja kimempata mleta magazeti.

Mabaka: yamejipanga kiunoni palepale suruali inapobana, mstari mnyoofu kama mkanda. Kidonge: nilimeza saa tisa alasiri, baada ya vita kuanza. Mke wangu anasema ninafunga zizi ng'ombe wakishatoka. Kila mtu nyumbani kwangu siku hizi anaongea kwa mafumbo.

Jumapili, 9 Machi

Janga la sare limezaa neema. Kwa kuwa nahitaji vazi, nimemwomba fundi cherehani anishonee koti la buluu. Nikamwambia, kwa kunong'ona, ashone maneno kwenye mfuko wa kifua kwa uzi wa njano: MKUU WA GETI. Kauliza kama Meneja ameshatangaza. Nikamwambia ni suala la siku tu. Kashona vizuri mno! Nimejitazama kwenye kioo kwa nusu saa.

Tatizo: mama mkwe kaliona. Kasoma herufi moja moja, kwa sauti. Kisha kafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe bintiye: kanishika mkono, kaniita mwanangu. Miaka yote nimekuwa "huyo wa getini." Nilitaka kumweleza kwamba bado. Kinywa kilifunguka. Nikasema asante, mama.

Jioni kampigia simu dada yake. Na kaka yake. Na wale wengine. Wanakuja Jumapili ijayo kunipongeza, watu kumi na wanne. Mke wangu kaniuliza kama ni kweli. Nimemwambia ni kweli inayokuja.

Sasa siwezi kushindwa. Ukuu ule ulikuwa tamaa, leo umekuwa lazima.

Jumatatu, 10 Machi

Leo Meneja alituita kwa mahojiano. Nimeamka nikajitazama. Mdomo wa juu! Umevimba hadi umefika kazini kabla yangu.

Daktari alinionya: ukiona ulimi umevimba au pumzi imebana, usiandike daftari, kimbia hospitali. Nimeutoa ulimi mbele ya kioo cha pikipiki iliyoegeshwa getini. Mzima. Pumzi je? Njia ya kupima pumzi ni moja. Nikachukua filimbi, nikavuta hewa, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, mpulizo mmoja mrefu, safi, usio na mkwaruzo. Pumzi nzima kabisa!

Kwenye jengo letu mpulizo mmoja mrefu maana yake moto.

Ghorofa zote sita zimeshuka. Wanasheria wamebeba mafaili. Daktari wa meno kamshusha mgonjwa akiwa na pamba mdomoni. Fundi cherehani kashuka na suruali ya mteja, na mteja nyuma yake kajifunga kitambaa cha mezani. Tabasamu kawapanga mistari kando ya barabara, kawahesabu, kapanda ngazi kumbeba bibi wa ghorofa ya tano mgongoni. Meneja kashuka wa mwisho, kasema hajawahi kuona watu wakitolewa kwa utaratibu namna hii, hongera Tabasamu. Kisha kauliza nani alipuliza filimbi. Mdomo ulikuwa mzito. Nikaonyesha juu, kwa ujumla.

Mahojiano yakafanyika hapohapo nje. Mimi nilijibu kwa kutikisa kichwa. Meneja kaamua: kila mmoja ataendesha geti peke yake kwa siku moja. Tabasamu Alhamisi, mimi Ijumaa. Atakayefanya vizuri ndiye mkuu.

Siku ya mwisho ni yangu. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya Tabasamu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya nguzo ya umeme, na daftari hili, niandike makosa yake. Makosa: saa mbili na robo, alicheka. Saa nne, alimsaidia mtu mzigo huku akicheka. Basi.

Saa tano kaniona. Kavuka barabara, kaniletea chai kwenye kikombe cha bati, kasema jua ni kali, nisisimame sana nitavimba. Nikanywa. Nusu saa baadaye, baka kwenye sikio. Nimeandika: CHAI YA TABASAMU. Ushahidi!

Usiku huu nimekamilisha mpango wangu wa kesho. Tabasamu anaangalia nani anaingia. Mimi nitaangalia nini kinaingia. Geti langu litakuwa geti la kwanza nchini lisilopitisha kichochezi chochote cha mabaka. Meneja atajionea, mlinzi na mtaalamu kwa mkupuo mmoja. Mabaka yataona aibu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Sababu itaeleweka.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitundika ubao getini, kwa mwandiko wangu mzuri. Haviruhusiwi: machungwa, mayai, maua, manukato, sufu, gundi, paka, karanga, poda, na mtu yeyote aliyegusa kimojawapo leo. Nikavaa koti, nikageuza mfuko kwa ndani ili maneno yasionekane kabla ya wakati. Nikakaa kwenye kiti.

Saa mbili foleni ilikuwa imefika kwenye kona. Wanasheria wote wanajipulizia manukato, sikujua! Daktari wa meno ananuka dawa, nikamweka kando. Fundi cherehani alikuja na vitambaa vya sufu, akaniita jina ambalo siliandiki kwa sababu ya binti yangu. Bibi wa ghorofa ya tano alikuwa na paka kwenye kapu. Nikawaambia wote sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma.

Saa tatu kaja mke wangu. Kavuka mji mzima kuniletea kidonge nilichokiacha kando ya kikombe. Kakifunga kwenye karatasi. Nikamuuliza asubuhi alishika nini. Kasema mayai, ya kwako, uliyoyala. Moyo uliniuma, lakini kazi ni kazi. Nikamwelekeza mwisho wa foleni. Kanitazama namna ambayo nitaikumbuka. Kaenda, kasimama nyuma ya mtu mmoja mwenye mfuko wa machungwa.

Mwenye machungwa alikuwa Meneja. Sikumwona, foleni ilikuwa ndefu.

Katikati ya hayo yote kaja kijana mmoja wa kupendeza. Ovaroli safi. Hana manukato, hana tunda, hana sufu, viatu vimefutwa. Kasoma ubao wote, kasema ni sheria nzuri. Mtu wa kwanza siku nzima! Kasaini bila kuambiwa. Jina: Fundi. Anatoka: Karakana. Sababu: Kuchukua kiti. Kasema ametumwa kukitengeneza magurudumu. Nikasimama, nikampisha. Kakisukuma taratibu. Geti lilikuwa zito, nikamshikia. Kanitakia kazi njema, nikamtakia safari njema. Saa ya kutoka, tatu na dakika arobaini. Aliandika mwenyewe.

Saa nne Meneja alifika mbele ya foleni na machungwa yake. Kauliza kiti kiko wapi. Nikamwambia kimeenda kutengenezwa. Kauliza nani alimwita fundi. Nikamwonyesha sahihi kitabuni: Kuchukua kiti. Naye akanitazama. Kwenye foleni paka akalia.

Mabaka: mwili mzima. Hata kope. Mke wangu kapenya foleni, kanipa kidonge bila neno, kaondoka.

Jumamosi, 15 Machi

Tabasamu ndiye mkuu. Kapewa funguo na stuli ya mbao. Mimi nimepelekwa geti la nyuma, kwenye mapipa ya taka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, kasema fundi cherehani, akipita makusudi.

Tabasamu kanifuata na kuniambia pole, na kwamba mtu yeyote angeweza kudanganywa na kijana yule. Hakuwa anacheka. Hilo limeniumiza zaidi.

Kesho watu kumi na wanne.

Jumapili, 16 Machi

Nilikusudia kuumwa. Nikajifunika shuka, nikasubiri mabaka yanitetee. Siku moja tu niliyoyahitaji, hayakuja! Hata moja! Ngozi laini, usingizi umeisha, na sebuleni watu kumi na wanne wanavuta viti.

Nikatoka na koti, mkono juu ya mfuko wa kifua kama mtu anayeimba wimbo wa shule. Nikafungua kinywa nikiri. Mama mkwe kaniwahi. Kasimama, kawaambia ndugu zake kwamba mkwewe amekabidhiwa geti la nyuma lote, peke yake, hakuna wa juu yake wala wa chini yake, kwa hiyo ni mkuu wa geti hilo, na mwenye neno aseme. Mjomba mmoja kauliza geti la nyuma lina shughuli nyingi. Mama mkwe kamjibu kwamba taka zote za ghorofa sita zinapita hapo, na bila yeye jengo lingenuka.

Kumbe alijua tangu Ijumaa. Mke wangu alimwambia ya kiti alipofika tu nyumbani, na jana kamwongezea ya geti la nyuma. Wamekaa na siri hiyo siku mbili, wakinitazama ninavyojikunja!

Tumekula, tumecheka, redio imelia hadi mtaa wa pili. Jikoni nilimwomba mke wangu msamaha kwa ile foleni. Kasema ataufikiria, yuko nyuma ya watu wengi. Kisha kanikuna mgongo katikati, pale nisipofika. Hapakuwa na baka. Kanikuna tu. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya Daktari. Nilimpa daftari, nikamkumbusha sehemu za kuruka. Hakuruka. Kasoma mbele yangu, neno kwa neno. Kwenye filimbi alivua miwani, akafuta macho. Kwenye kiti alitoka nje kidogo, nikamsikia koridoni.

Aliporudi kasema alinituma niandike nilichokula, na ndani ya wiki mbili nimeandika mayai, tena kwa kinywa cha mke wangu, na chai kikombe kimoja, kwa herufi kubwa, kama shtaka. Kasema hata hivyo daftari limemsaidia. Hakuna chakula, mafuta wala redio inayofuatana na mabaka. Joto, nguo ya kubana na mihangaiko vinaweza kuyachokoza, lakini mzizi hauko huko.

Kisha kaeleza, na kwa kuwa mimi ni mlinzi kanieleza kilinzi. Chini ya ngozi kuna seli za kinga, zinakaa zamu usiku na mchana, kila moja imebeba vifuko vya kitu kinaitwa histamini. Zikishtuka, zinavimwaga. Mishipa midogo ya damu inavujisha maji, ngozi inavimba, inawasha. Kwa mtu mwenye mzio, kuna mgeni aliyezishtua, chakula au dawa. Kwa mabaka sugu kama yangu mara nyingi hakuna mgeni. Huenda kinga yenyewe imetengeneza kingamwili zinazozigusa seli zilezile na kuzishtua. Walinzi wanawapigia filimbi walinzi. Wenye nyumba wanatolewa nje, na mwizi hakuwepo.

Kanitazama muda mrefu baada ya kusema hivyo. Sijui alikuwa anasubiri nini.

Kasema kidonge hakimfukuzi mwizi, kinaizuia ile histamini isilete fujo, ndiyo maana nikimeze kabla, kila siku, hata nikiwa mzima. Kasema kwa wengi hali hii huisha yenyewe, huchukua miezi, wengine miaka, na nisiache dawa bila kumwona. Nirudi mwezi wa nne na daftari.

Nimetoka pale kichwa kimenivimba, si kwa mabaka. Kumbe sina ugonjwa! Nina ulinzi uliozidi! Watu wengine kinga zao zinasinzia, zangu ziko macho hata mwizi asipokuwepo. Hata damu yangu inaijua kazi. Nimemweleza mama mkwe. Kaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 31 Machi

Mambo makubwa. Lazima niyaandike kwa mpangilio.

Kwanza, tangu siku ile ya Daktari nilimeza kidonge kila asubuhi, mke wangu akinisimamia kama askari magereza. Tarehe 18, mabaka mawili. Tarehe 20, moja. Kisha hakuna. Siku baada ya siku, hakuna! Nimelala usiku kucha. Nimevaa koti jipya bila kujikuna. Geti la nyuma nimelipenda, kuna kivuli na hakuna wanasheria.

Pili, Tabasamu kamwomba Meneja nirudi mbele niwe msaidizi wake. Kasema miaka kumi na moja si mchezo, hakuna anayejua vitasa vya jengo kama Komeo. Nimekubali, kwa shingo upande. Mama mkwe kafumua maneno ya mfukoni kwa sindano, kashona mapya: MSAIDIZI WA MKUU. Yamezunguka hadi kwapani. Kaniita mwanangu tena. Nilimshukuru Tabasamu kwa moyo wangu wote, na nilimaanisha, kwa siku nzima.

Tatu, Alhamisi iliyopita nilikuwa getini, nafikiri. Kwa nini nimepona? Nikafungua kitabu cha wageni. Na hapo, wee! Mkuu wa zamani alistaafu mwezi wa kwanza, nami nikakikalia kiti chake. Wiki hiyohiyo mabaka yakaanza! Tarehe 14 kiti kikaibwa. Siku chache baadaye mabaka yakaisha! Nimepiga hesabu mara tatu. Mgeni alikuwepo, ila hakusaini kwa sababu hana mikono. Ni kiti! Yule kijana wa ovaroli hakuniibia, kaniponya, na sikumpa hata maji.

Daktari ni msomi, simlaumu, lakini yeye hakuwa na kitabu cha wageni. Vidonge nimeacha tangu Alhamisi hiyo. Kupona ni kupona. Asubuhi nakiweka chini ya ulimi, mke wangu akigeuka nakihamishia kwenye jalada la daftari, nyuma ya tembo.

Nne, na hili ndilo lililonifanya niandike: leo saa tatu Meneja kamletea Tabasamu kiti kipya. Cha kuzunguka. Cheusi, mikono miwili, kinapanda na kushuka. Na leo saa tatu na nusu, baka la kwanza, kwenye goti! Saa nne, mengine mawili! Eti mtu aniambie ni sadfa. Thubutu!

Sitalala juu ya jambo hili. Tabasamu ni mtu mwema, siwezi kumwacha akae juu ya hatari ile bila kujua. Kesho asubuhi namwandikia Meneja barua kwamba kiti hicho kiondolewe mara moja geti la mbele, kiwekwe chini ya uangalizi wa mtaalamu. Mtaalamu atakikalia kutwa nzima, kwa usalama wa wengine, na kuandika matokeo.

Mwandiko wa leo ni mbaya, Daktari atanisamehe. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko mgongoni, unatafuta pale katikati.